Mteremko wa Digrii Thelathini na Tatu

Jumatatu, 5 Januari 2026

Daftari jipya. Lile la zamani liliishia Krismasi, na ukurasa wake wa mwisho ni habari za pilau iliyoungua ya Cissy, mwenzangu wa chumba. Hili tulianze na habari nzuri — bosi wetu Sir Faris anatafuta mtu wa kwenda naye Georgia!

Ilikuwa asubuhi, tuko stoo, mimi na Zedekiya tunapima bikoni. Sir akaingia na kahawa yake akatuita wote sita. Wateja saba wanaondoka tarehe sita Februari. Watapanda mlima kwa ski mpaka kibanda cha juu, walale siku tatu. Levan, yule mwongozaji wetu wa kule, atatangulia. Sir anataka msaidizi mmoja wa kutunza vifaa na kutembea nyuma ya msafara. Atamchagua kati yetu. Kutakuwa na masomo, halafu mtihani jangwani tarehe kumi na saba.

Miaka minne nimegusa kila kitu cha theluji isipokuwa theluji yenyewe.

Jioni nikampigia mama. Akaniuliza tena, hii kazi yako ni ya nini hasa? Nikamweleza tena. Watu wa Dubai wanaenda kuteleza milimani, huko ambako hakuna njia. Theluji ikiporomoka ikamfukia mtu, kidude alichovaa kifuani kinatoa ishara, na wenzake wanaifuata kwa vidude vyao mpaka wampate. Ndiyo bikoni. Mimi ndiye ninayehakikisha hazijafa. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: na hao watu wanalipa ili wakafukiwe?

Nimecheka mpaka Cissy akaja kuchungulia.

Alhamisi, 8 Januari

Somo la kwanza. Sir Faris kwao ni milimani Lebanon, amekua na theluji mlangoni. Hakuleta kitabu. Alileta trei ya kubebea chai, kilo ya sukari na unga wa ngano.

Akamwaga sukari kwenye trei. Hii ni theluji ya zamani, akasema. Ikikaa siku nyingi za baridi bila mawingu inageuka chembe, haishikani. Juu yake akatandaza unga, akaupapasa kwa kiganja mpaka ukawa bamba zuri, laini. Hii ni theluji mpya iliyopigwa na upepo. Ukiiangalia kutoka juu huoni kosa. Halafu akaanza kuinua trei upande mmoja, polepole. Digrii ishirini — kimya. Ishirini na tano, ishirini na nane. Kwenye thelathini na kitu bamba lote likakatika kwa mkupuo mmoja, likamwagika kwenye viatu vyake.

Kwetu Kinangop asubuhi za Julai sakitu, ule umande ulioganda, inalala juu ya viazi, unaikanyaga inalia chini ya gambuti. Hiyo ndiyo theluji yangu yote. Sikujua kitu cheupe namna hiyo kinaweza kuwa na hila.

Nimeandika: hatari kubwa ni digrii 30 hadi 45. Aliyefukiwa ana kama dakika kumi na tano. Msaada hautoki mjini, unatoka kwa yule aliye karibu nawe.

Nilipogeuka, Zedekiya hakuwepo. Alikuwa nje anafagia mahali palipokuwa pasafi.

Ijumaa, 9 Januari

Nimemuuliza. Zedekiya si mtu wa maneno mengi. Kwao ni Bududa, chini ya Mlima Elgon. Kule hakuporomoki theluji, linaporomoka tope. Alikuwa na miaka kumi na sita. Anasema mvua ilinyesha siku tatu, na wazee waliona ufa juu ya shamba la migomba. Waliuona. Kila mmoja akangoja mwingine aseme tuhame.

Hakumaliza, nami sikumlazimisha. Tumegawana maandazi yangu.

Jumatatu, 12 Januari

Leo amekuja mteja wa kunifurahisha. Madam Joha, miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu. Abaya nyeusi na raba za njano. Nikamkaribisha kwa Kiingereza cha kazini, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka mpaka nikaona aibu na changu. Watu wake wamehamia hapa tangu zamani, yeye kazaliwa hapa hapa Dubai. Nikamwita madam. Akasema, mwanangu, madam ni wa ofisini, mimi niite Bi Joha.

Anataka jambo moja tu: alale kibandani juu, afungue mlango asubuhi akute theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Magoti ameshatengenezewa yote mawili. Daktari kamruhusu, watoto wake hawataki, yeye keshalipa.

Nikamvalisha bikoni. Akasema, "Mbona chanibana hivi? Si nitakitia kwenye begi tu?"

Begi linaweza kung'olewa na theluji likaenda zake, mtu akaenda zake. Najua hilo vizuri sana. Lakini mdomo wangu ukasema, "Ngoja nikuangalizie, Bi Joha." Ndiyo sentensi tuliyofundishwa wiki ya kwanza nilipofika Dubai kuwa mlinzi wa hoteli, kabla ya kazi hii: mgeni hasikii neno hapana, mgeni anasikia ngoja nikuangalizie. Nikalegeza mikanda. Akakubali kuvaa. Kwa hiyo mambo yakaisha vizuri, lakini si kwa sababu yangu.

Jumamosi, 17 Januari

Nimefeli.

Wote tumefeli, lakini hilo halinipunguzii.

Tulitoka alfajiri na gari mbili mpaka kwenye matuta makubwa ya mchanga, mwendo wa saa moja hivi. Baridi nzuri, mwanga wa pinki. Sir akatupanga karibu na magari akaeleza. Leo mchanga ni theluji. Upepo ulivuma jana, kwa hiyo upande uliokingwa dhidi ya upepo umebeba mzigo mpya — msikatize mteremko wa upande huo uliozidi thelathini. Kisha akasema sheria ya msafara. Mtu yeyote, hata mbeba mizigo, akisema hapana, wote wanasimama. Haulizwi sababu. Tunasimama kwanza, tunaongea baadaye. Mmeelewa? Yes sir, tukaitikia wote sita, sauti moja kama kwaya.

Kutafuta bikoni nilikuwa wa kwanza! Sir alifukia tatu ndani ya mabegi. Niliifuata namba ya mita ikishuka, 38, 21, 9, nikapiga magoti, 2, 0.7, nikachomeka ile fimbo ndefu, ikagonga begi. Dakika tatu na sekunde hamsini. Sir akanipa dole gumba. Nikajiona niko kwenye ndege.

Baadaye tukaanza safari ya kurudi. Tukafika juu ya tuta moja refu, upande uliokingwa umejaa, laini, hauna hata alama ya mjusi. Sir akasema, Monicah, pima. Nikaweka kipimo. Thelathini na tatu, sir. Good, akasema. Yalla, nifuateni. Akaingia katikati ya mteremko ule ule.

Nikamfuata! Mimi niliyesoma namba kwa mdomo wangu. Nyuma yangu wengine wanne, mmoja mmoja, tumebeba mabegi.

Katikati Sir akasimama, akaangalia saa, akaketi kwenye mchanga. "Khalas," akasema. "Mmekufa wote."

Akauliza nani aliona. Mikono ikapanda, yote. Nani alisema? Ikashuka yote. Kwa nini? Mmoja akasema, sir ndiye anayejua. Mwingine akasema alidhani njia ya kuzunguka ni ndefu. Nilijua kabisa kilichonifunga mdomo. Sir alikuwa amesema twende, na mimi tangu nitue nchi hii sijawahi kumwambia mtu anayenilipa neno hapana, hata siku moja, hata kuhusu chai.

Kisha tukageuka tukamwona Zedekiya. Bado yuko juu, salama, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Sir akamwangalia muda mrefu. Akamwambia kwa upole, wewe uko hai, na umewaangalia wenzako watano wakizikwa. Zedekiya hakuinua kichwa. Kamba ilikuwa imefungwa zamani.

Mtihani utarudiwa Jumamosi ijayo. Njiani hakuna aliyewasha muziki.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani leo sikuimba vizuri. Nimefua, nimepika githeri, nimelala mchana. Hasira na nafsi yangu tu.

Jumanne, 20 Januari

Hasira zimeisha. Cissy ana dawa ya kila kitu, na dawa ya hii ni mazoezi. Anafanya kazi mapokezi ya hoteli kule Garhoud, kwa hiyo huo ugonjwa anaujua, anao pia.

Zoezi lenyewe: yeye anaomba kitu, mimi nasema hapana, basi. Bila sababu.

Akaomba pasi. Nikasema hapana, naitumia kesho asubuhi lakini ukiamka mapema — Cissy akapiga meza. Umefeli. Akaomba viatu vyangu vyeupe. Hapana, vina… Umefeli. Akaomba nimpishe kitanda cha dirishani. Nikasema hapana, nikafunga mdomo kwa nguvu. Tukakaa tunaangaliana. Nyumba nzima kimya, magari tu yanasikika kule barabara ya Rashidiya. Nikahisi jasho mgongoni, kwa ajili ya kitanda!

Halafu yeye ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Tumefanya hivyo kama mara thelathini. Mwishoni nilimnyima chumvi akala wali hivyo hivyo.

Jumamosi, 24 Januari

Nimepita!

Sir hakurudia ujanja ule ule. Kutafuta tulitafuta, kuchimba tulichimba. Tulipomaliza, tumechoka, jua kali, akanipa ufunguo wa gari. Akasema nikatize pale chini nifike haraka niwashe AC. Pale chini ni chini ya mteremko ule ule wa Jumamosi iliyopita. Kusimama chini ya mteremko ni sawa na kuwa juu yake, tulifundishwa.

Nikasema, hapana, sir.

Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto aliyekojoa. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema kuna joto. Nikasema hapana. Akachukua ufunguo wake, akazunguka mwenyewe njia ndefu, anapiga mluzi.

Zedekiya naye alisema hapana, alipoambiwa azime bikoni kuokoa betri. Alisema kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Lakini safari haitaki. Anasema milima aliyoiona inamtosha, atatupeleka na gari mpaka uwanjani. Kwa hiyo ni mimi. Mimi!

Jumatano, 28 Januari

Karatasi za safari tayari. Nimechagua jaketi kwenye rafu, la buluu, lililotumika kidogo. Nimelivaa chumbani na AC kwenye kumi na sita. Cissy amenipiga picha, nimeituma nyumbani. Mama amejibu kwa ujumbe wa sauti: baridi ya Kinangop uliikimbia, sasa unaifuata kwa ndege? Lakini nasikia anavyotabasamu. Amesema nimletee picha ya theluji iliyolala juu ya mti, si chini, juu ya mti. Simwelewi lakini nitampigia hiyo picha.

Sir ameniambia pia yaliyo wazi, nami nayaandika yawe wazi kwangu. Nafasi yangu ipo kwa sababu ya kibanda. Wateja wakipanda, anahitaji mtu wa nyuma. Wakibaki kule chini hotelini, kwenye njia zilizotengenezwa, hahitaji msaidizi, na kiti changu cha ndege kinarudishwa. Ni haki. Nimesema sawa.

Jumatatu, 2 Februari

Sasa kila asubuhi nasoma taarifa ya hatari ya milima ya kule kabla hata ya kunywa chai. Nimekuwa kama babu yangu na redio. Wiki mbili jua na baridi kali bila theluji mpya — sukari ya Sir, nikawaza, sukari inatengenezwa. Kiwango cha pili kati ya vitano.

Bi Joha amekuja kufanya mazoezi. Leo nilimwambia mikanda haitalegezwa na bikoni haitaingia begini. Hapana. Akanitazama juu ya miwani. "Haya," akasema, "leo ndiyo mwanangu kaja kazini." Akatembea nayo stoo nzima, juu ya abaya, akafukia nyingine kwenye sanduku la magodoro ili niitafute. Yeye alicheka, nami nikacheka.

Jumatano, 4 Februari

Theluji imeanza kule jana. Sentimita arobaini, na upepo wa magharibi. Stoo wanafurahi, wateja wanatumiana picha, theluji mpya! Mimi naona trei.

Nimefungua ramani ya Levan. Ili kufika kibandani lazima tupite korongo moja, hakuna njia nyingine. Mteremko wa juu yake digrii thelathini na sita, unaangalia mashariki. Upepo wa magharibi unamwaga mzigo wake mashariki. Nimepima mara tatu kwenye ramani, nikitumaini nimekosea.

Sikukosea. Kiwango cha tatu.

Alhamisi, 5 Februari

Sentimita ishirini na tano zaidi. Upepo bado. Bado cha tatu.

Begi nimefunga. Nimelifungua. Nimelifunga. Cissy ananiuliza nina nini, nasema sina kitu.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika nyuma ya orodha ya bikoni. Daftari liko ndani ya begi, nitabandika baadaye. Saa tisa kasoro mchana, hoteli ya Garhoud, chumba cha mikutano cha chini. Ndege ni saa kumi na mbili jioni.

Niandike kwa mpangilio.

Wateja wote saba walifika mapema, nyuso zinang'aa. Bi Joha amekuja na bikoni tayari kifuani, ameivaa kuanzia kwake, dereva wa teksi alidhani ni mashine ya moyo. Zedekiya yuko nje na gari, anapakia. Namwona kupitia kioo.

Sir akaonyesha mpango ukutani. Leo usiku kutua, kesho kupumzika hotelini, kesho kutwa kupanda. Akasoma taarifa ya leo, hakuficha: kiwango cha tatu. Levan amemwandikia asubuhi kwamba miteremko miwili ya jirani imeporomoka yenyewe jana, hakuna aliyeumia, tutaangalia mkifika. Sir alionekana amechoka. Watu hawa wamemngoja tangu Desemba, na mmoja keshauliza mara mbili kama kutakuwa na kurudishiwa pesa. Akasema, Levan ni mwangalifu, tutapita korongo alfajiri mapema, haraka haraka. Kisha akauliza kama desturi: kuna mwenye neno?

Wateja wakaangalia kahawa zao. Nikaangalia orodha yangu. Majina saba ya wateja, na chini kabisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, Monicah.

Nikainua mkono. Sir akasema, yes, Monicah? Na kilichotoka mdomoni, Mungu wangu, kilikuwa, "Ngoja nikuangalizie, sir —"

Nikanyamaza. Watu wote wananiangalia, hawajui naangalizia nini.

Nikasema, "Hapana."

Hapana tu. Chumba kikawa kama kile chumba chetu siku ya kitanda. Jasho lile lile. Sikutoa sababu. Sir akaniuliza kama najua maana yake, na nilijua hakumaanisha theluji bali kiti changu. Nikasema najua, sir. Yule mteja wa kurudishiwa akasema, huyu si msichana wa vifaa? Sir akamjibu kwamba ndiyo, na msafara umesimama. Hakupandisha sauti. Akachukua simu akatoka kwenye korido.

Hapo Bi Joha akasogeza kiti karibu nami. Nilijua nimemvunjia mlango wake wa asubuhi. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Mwanangu, umeona nini?"

Nikamwambia yote. Sukari, unga, upepo, thelathini na sita. Wengine wakasogea kusikiliza, hata yule wa kurudishiwa. Bi Joha akaegemea kiti. Hakuvua bikoni. Ameketi hapa kando yangu, taa yake inawaka na kuzima.

Nimesikitika, nisiseme uongo. Mama hatapata mti wake mwaka huu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nina njaa, na ningeweza kula sahani nzima ya wali hapa hapa.

Zedekiya ameingia. Lazima ameona kwenye kioo kwamba hatusogei. Nimemnong'oneza. Akasimama wima katikati ya zulia na viatu vyake vya vumbi, akawaambia wateja kwa Kiingereza, mimi pia nilikuwa nasema hivyo, tangu juzi nilikuwa nasema moyoni. Sasa ametoka tena. Anateremsha ski kutoka juu ya gari, hajaulizwa na mtu.

Dakika ishirini sasa. Sir bado yuko koridoni, anatembea huku na huku, anasikiliza zaidi kuliko anavyoongea. Jaketi langu la buluu liko juu ya begi.

Anarudi. Hajakata simu. Ameiweka mezani mbele yangu, juu ya karatasi hii, anasema Levan anataka kuongea na huyo aliyesema hapana